Mama Kabari

Alhamisi, tarehe tisa mwezi wa saba, asubuhi yenye jua baada ya mvua ya usiku, mke wangu alifungua mlango wa gari nikiwa bado naendesha, akatoa mguu mmoja nje.

Mapajani alikuwa amepakata kabari yake: gogo fupi la mti mgumu, upande mmoja mwembamba, upande mwingine mnene, chini limegongomelewa raba ya tairi ili lisiteleze, nyuma limefungwa kamba ya kulivutia. Alilipakata kama mtu anavyopakata mtoto wa jirani, kwa uangalifu lakini bila mapenzi.

"Bado?" akaniuliza.

"Bado. Breki ipo. Inashika."

Akarudisha mguu ndani, mlango akauegemeza tu bila kuufunga. Ndivyo tulivyokuwa tunashuka siku zote. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayemtembeza mgonjwa, mimi nikisikiliza kwa unyayo, yeye akinisikiliza mimi. Nyuma yetu mashuka machafu ya hospitali yamerundikwa hadi kwenye paa, mafurushi mafurushi, yananuka dawa na usiku wa watu wengine. Kulia ukuta wa mwamba. Kushoto mtaro wa zege. Mbele mteremko, na mwisho wa mteremko makutano, na ng'ambo ya makutano ukuta wa kiwanda cha matofali, ambako fundi viatu alikuwa ameshatandika turubai lake. Barabara ya kushuka kutoka hospitali ni hiyo hiyo moja. Anayezaliwa kule juu anaipita, na anayekufa anaipita.

Naanza hapa kwa sababu wao, wakaguzi na watu wa kampuni ya gari, wanaanza hapa. Katika maneno yao yote waliyoyaandika na kuyagonga mihuri, mambo yanaanza asubuhi ile: mwanamke mtu mzima anafungua mlango wa gari linalotembea. Kana kwamba aliamka tu, akanywa chai, akaamua kuruka. Yaliyokuwa nyuma ya mlango ule hawayataki, kwa sababu wao wenyewe wamo.

Gari lile tulilichukua likiwa jipya, nailoni bado iko kwenye viti. Mke wangu alinikataza kuibandua. Tulikaa juu ya nailoni hiyo miezi na miezi, migongo inatoka jasho, kila ukigeuka inalia kama unafungua peremende, naye anasema, "Acha, tusilizeeshe."

Yeye alikuwa dobi wa hospitali tangu usichana wake. Mimi nilikuwa dereva wa huyu na yule. Shule niliiacha mapema, au iliniacha yenyewe, sikumbuki vizuri nani alianza. Kisha mashine za kufulia za hospitali zikafa, na wakubwa wa hospitali, badala ya kuzitengeneza, wakakaa kikao, wakanywa soda, wakaamua kwamba hospitali si mahali pa kufulia nguo. Anayeweza kufua nje, afue. Mke wangu akanyoosha mkono. Maji ya kutosha hayapandi kule mlimani, kwa hiyo tulipata banda bondeni, karibu na bomba kubwa, tukaweka mapipa, kamba na meza ndefu ya kupigia pasi. Asubuhi tunashuka na machafu, alasiri tunapanda na yaliyo safi. Nyumba yetu ilibaki juu, nyuma ya wodi, katika zile nyumba za wafanyakazi. Walituacha tuendelee kukaa humo mradi mashuka yafike.

Nilimtania kwamba alinikuta dereva, akanigeuza punda wa dobi.

"Punda angekuwa na maneno machache," akanijibu.

Mara ya kwanza pedali ilipozama nilidhani nimekosea mguu. Nilikanyaga, na chini hakukuwa na kitu. Ilikwenda mpaka sakafuni, laini, kama nimekanyaga godoro.

"Mbona hupunguzi?" mke wangu akauliza.

"Breki haipo."

"Haipo? Imekwenda wapi?"

Nikakanyaga tena. Haipo. Nilipokanyaga tena ikaja yenyewe, ngumu kama jiwe, gari likasimama kwa kishindo, mafurushi yakatuangukia shingoni. Tukakaa tumefunikwa na mashuka ya wodi ya wanaume, macho yametutoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kisha mke wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka kwa ajili yake. Baada ya hapo hatukucheka tena ndani ya gari lile.

Nililipeleka kule kulikotoka. Jengo la vioo, sakafu unajiona sura, dada wa mapokezi anasalimia gari kwanza ndipo akusalimie wewe. Wakalichukua kwa mlango wa nyuma, mimi nikaketi kwenye kochi linalokumeza. Alasiri likaletwa limeoshwa, linang'aa, limepuliziwa marashi ndani, na kikaratasi kinaning'inia kwenye kioo: TAYARI.

"Limekutwa na nini?" nikauliza.

"Halina tatizo, mzee."

"Ila?"

"Ila nini? Halina tatizo."

Meneja wa huduma akatoka kuniona. Kijana aliyeshiba, tai imemkaa vizuri, na sauti ya pole, ile sauti ya kuongea na mgonjwa asiyejua kwamba haponi. Akanitazama miguuni.

"Mzee wangu, unaendeshea ndala?"

Basi ilipozama tena nikaenda nimevaa viatu vyangu vya harusi. Nilivivaa kila siku kwenye mteremko ule, vinanibana vidole, vinalia kwi, kwi, kwi. Breki haikuheshimu harusi. Ilizama ilipotaka, ikarudi ilipotaka, na kila nilipolipeleka gari kwao lilirudi limeoshwa, na kikaratasi kimeandikwa TAYARI. Sijapata kuona gari lenye shida likiwa safi kama lile. Mke wangu alikuwa akilinusa, anatingisha kichwa. "Wanatuoshea," anasema. "Sisi tunafua mashuka ya hospitali, wao wanatufua sisi."

Nikalipeleka kwa fundi wa mtaani. Akalala chini ya gari kidogo tu, akatoka anajifuta mikono ambayo hata haikuchafuka.

"Siwezi kuligusa, ndugu yangu. Nati zote wamezipaka rangi nyekundu. Rangi ikipasuka tu, dhamana yao imekufa, na kesho likikupiga ukutani watasema ni mimi."

"Na usipoligusa?"

"Nisipoligusa, lina mwenyewe," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Ndiyo hiyo kamba waliyotufunga nayo. Wenye haki ya kulifungua walisema ni zima. Wanaoamini ni bovu hawakuwa na haki ya kulifungua. Kuliuza? Nilimgusia mke wangu jioni moja akiwa anapiga pasi. Hakunyanyua hata kichwa.

"Tumuuzie mtoto wa nani?"

Nikachukua shuka, nikaanza kulikunja.

"Sema. Tumuuzie mtoto wa nani, halafu tulale?"

Kuacha kazi? Siku moja tulichelewa tu, na muuguzi mkuu akasimama mlangoni kwetu, mikono kiunoni. Alikuwa mtu mwema, ndiyo maana maneno yake yaliuma. "Mama, wanawake waliojifungua jana wamelala juu ya raba tupu. Nikawaambie nini? Nikawaambie breki?" Mke wangu akachukua khanga yake. Tukashuka.

Dada wa mapokezi alikuwa ameniambia tangu mwanzo, "Siku yako ni Jumanne, mzee. Ukija siku nyingine hupati nafasi." Nikaona ni utaratibu. Watu wa vioo wana utaratibu wa kila kitu. Jumanne moja mke wangu akaamka na homa, nikabaki naye, nikaenda kesho yake bila kumuuliza mtu. Kwenye lile kochi nikamkuta mwanamume mrefu, mwembamba, suti nyeusi, kofia nyeusi mapajani.

"Pole, kaka. Umefiwa?"

"Mimi hufiwa kila siku, kaka yangu. Naendesha gari la maiti." Akasogea, kochi likamrudisha. "Nimeleta breki."

"Inazama?"

Akanigeukia mwili mzima. "Mpaka sakafuni. Halafu inarudi."

"Wamekuambiaje?"

"Kwamba niko peke yangu nchi nzima."

"Mimi pia niko peke yangu nchi nzima."

Tukatazamana kama wake wawili waliogundua kwamba wana mume mmoja.

"Siku yako ni lini?" akaniuliza.

"Jumanne."

"Yangu Jumatano."

Pembeni yetu mwanamke aliyekuwa amejificha nyuma ya gazeti akalishusha taratibu. "Mimi Jumatano ya alasiri," akasema. "Leo nimewahi." Naye alikuwa mwalimu, na gari lake ni ndugu wa magari yetu, baba mmoja mama mmoja.

Tukamwendea meneja sote watatu. Alituona tunakuja kupitia kioo, akaanza kutabasamu mapema ili tabasamu limtoshe.

"Wazee wangu, mama yangu, karibuni. Jamani, kila mtu na gari lake. Tatizo la kila mmoja ni la kwake."

"Lakini ni lile lile," mwalimu akasema.

"Ni la kila mmoja peke yake, isipokuwa linafanana. Nimeshalipeleka makao makuu."

Makao makuu! Sijui makao makuu yako wapi. Nilichojua ni kwamba kila kitu kilipelekwa huko na hakuna kilichorudi. Tukaanza kupigwa kalenda. Njoo wiki ijayo, njoo mwisho wa mwezi, mkubwa yuko safarini, mkubwa yuko kikaoni, mkubwa ametoka sasa hivi hamkupishana? Na magari yetu yanaoshwa.

Yule wa gari la maiti nikawa namwita Msindikizaji, na alilipenda jina hilo. "Heri yako," aliniambia, "mzigo wako ni mashuka. Mimi juzi niliyapita makaburi moja kwa moja, pedali iko sakafuni, na msafara mzima wa waombolezaji ukanifuata. Walidhani familia imebadili mawazo."

Wazo la kabari lilikuwa la mke wangu.

"Malori yote yana utingo wa kuweka kabari," akasema. "Sisi tuna nini?"

"Sisi tuna gari jipya."

"Basi utingo ni mimi."

Nilimkatalia. Akaniambia sawa, lete mpango mwingine, akakaa kitako akanisubiri, mikono juu ya magoti. Nilitafuta mpango mwingine kila mahali kichwani mwangu. Meneja aliniambia nisubiri, fundi aliniambia hawezi, muuguzi aliniambia wagonjwa wako juu ya raba. Mke wangu akaenda kwa seremala mwenyewe.

Tulifanya mazoezi uani, pale penye tambarare. Mimi nasema "Mama!", yeye anafungua, anashuka huku anakwenda na gari sambamba, anaitupa kabari mbele ya tairi la nyuma, anaruka pembeni, gari linapanda kidogo kwenye gogo, linakaa. Wauguzi walichungulia madirishani na kupiga makofi. Alikuwa mwanamke wa umri, miguu imeshavimba kwa kusimama mbele ya pasi, lakini alishuka kwenye gari lile mwepesi kama anashuka kitandani kufungua mlango.

Na ilifanya kazi. Mungu anajua ilifanya kazi. Mara ya kwanza pedali ilipozama akiwa na kabari, gari lilisimama juu ya pua ya fundi viatu, na yule bwana, sindano ikiwa bado imechoma kiatu cha mtu, akaangalia tairi, akaangalia kabari, akamwangalia mke wangu aliyeshika kamba anahema.

"Shikamoo, Mama Kabari," akasema.

Jina likamganda. Hospitalini, sokoni, bondeni kwenye mapipa, Mama Kabari, Mama Kabari. Yeye akanung'unika kwangu tu. "Utingo wa gari gani huyo," aliniambia, "akirudi jioni anapiga pasi?"

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichotuzoesha. Nasema hivyo nikijua ninachosema. Mtu anaweza kuzoea kupakata gogo kila asubuhi. Anaweza kulala usingizi, akaamka, akavaa, akalipakata. Anayemzoesha ni yule aliyekaa kwenye kiti kinachozunguka, anayejua magari yote ni mabovu na anampa kila mtu siku yake.

Tarehe tisa tulishuka. Lami ilikuwa bado na unyevu pale ambapo mwamba unalizuia jua. Tulipovuka kona nikakanyaga, na mguu wangu ukaenda mpaka chini.

"Mama!"

Akafungua. Sikumwona vizuri, niliona tu rangi ya khanga ikiinuka. Nami nikakanyaga tena, kwa sababu mguu haungoji kuambiwa. Safari zote zilizopita breki ilichelewa kurudi, ilitupa nafasi. Safari hiyo ilirudi pale pale, yote, ngumu kama jiwe, wakati mke wangu hayuko ndani ya gari wala hayuko chini. Gari likasimama. Yeye hakusimama. Alitupwa mbele pamoja na mlango, na kichwa chake kikakutana na ukingo wa mtaro.

Gogo liliviringika peke yake mpaka kwa fundi viatu.

Nilimpakata. Fundi viatu alipanda mlima mbio, peku, akataka kufungua furushi moja tumfunike, nikamzuia. Yale yalikuwa machafu. Hata katika hali ile nilijua angenigombeza. Akavua aproni yake ya turubai, ndiyo tuliyomfunikia. Gari lililokuwa linapanda likatuchukua, tukamrudisha hospitali ile ile tuliyotoka. Walimlaza juu ya shuka jeupe, limenyooka, halina hata mkunjo, na nikaliona pindo lake nikajua mkono. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe jana yake. Muuguzi mkuu akaliona pia, akageukia ukutani.

Msibani, kaka yake alinivuta kando. Ni shemeji yangu, tumekula pamoja miaka mingi. Hakupandisha sauti. "Ulimgeuza dada yangu utingo," akasema. Niliangalia viatu vya watu vilivyopangwa mlangoni, nikaviangalia kimoja kimoja. Kama kuna aliyemgeuza dada yake utingo, viatu vyake havikuwa pale. Alituma shada la maua lenye utepe wa rangi za kampuni.

Wakaja wakaguzi. Walipima alama nyeusi za matairi barabarani kwa utepe wa kupimia, wakazipiga picha kama watu waliopata hazina. Wakalijaribu gari lenyewe, juu kwa juu, bila kufungua hata nati moja. Kisha wakaniita kwenye chumba chenye meza ndefu. Meneja wa huduma alikuwapo, amekaa pembeni na tai nyeusi.

"Breki zilishika?" akauliza mkubwa wao.

"Zilishika, lakini..."

"Zilishika. Asante. Sasa marehemu aliruka kwa nini?"

"Kwa sababu hazikushika."

"Mzee, umesema zilishika."

"Zilishika baadaye."

"Baadaye, baada ya nini?"

"Baada ya yeye kuruka."

Wakatazamana. "Kwa hiyo aliruka mapema," mkubwa akasema, si kwangu, kwa mwandishi, na mwandishi akainama akaandika.

Nikawaambia habari za Jumanne. Nikawaambia habari za Msindikizaji, za mwalimu, za pedali inayozama. Mkubwa akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Ulijua gari ni bovu?" Nikasema nilijua. "Na uliendelea kuliendesha?" Nikaona pande zote mbili zimefungwa. Nikisema lilikuwa zima, mke wangu alikuwa mjinga. Nikisema lilikuwa bovu, mimi ni muuaji. Mlango wa tatu, ule wa kutokea meneja, haukuwapo katika chumba kile. Nilimtazama. Alikuwa anatazama maji kwenye bilauri yake, kwa pole ile ile ya sauti yake.

Wakaandika: abiria aliruka kutoka kwenye gari lenye breki nzima. Wakagonga muhuri. Gari wakalirudisha uani kwangu. Polisi mmoja alilipandisha mwenyewe bila shida. Kupanda halijawahi kukataa.

Hospitali ikampata mtu mwingine wa mashuka. Nyumba hawajanitoa bado. Muuguzi mkuu amenisemea, lakini naye ana wakubwa wake. Nikitoka mlangoni asubuhi kitu cha kwanza kukiona ni gari. Nimelifunika na turubai, bado naliona. Ukilifungua, harufu ya ile nailoni inakupiga usoni.

Haikupita muda mrefu ujumbe ukaingia kwenye simu za watu. Kampuni inawapenda wateja wake. Kampuni inawaalika wote wenye magari ya aina ile wayalete, yaboreshwe bure kifaa kimoja cha breki. Kuboreshwa, walisema. Si kutengenezwa. Na wakaongeza kwamba lisiloboreshwa lisitembee barabarani.

Msindikizaji alipanda kunieleza mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha mke wangu bila kujua, nami sikumwambia.

"Yangu inashika sasa, kaka. Inashika mpaka kofia inaruka."

"Cha zamani walikupa?"

"Nilikiomba. Wakasema kimeshatupwa. Nikawaambia nionyesheni jalala. Wakacheka."

"Na cha mwalimu?"

"Hata cha mwalimu." Akalitazama turubai uani. Ndipo alipoelewa, maana alishusha sauti kama tuko kazini kwake. "Kwa hiyo kilichobaki ni hicho chako."

Sikulipeleka gari. Walipiga simu kwa upole, kisha kwa upole zaidi. Dada wa mapokezi akaniambia naweza kwenda siku yoyote ninayoitaka, hata Jumapili watanifungulia. Niliwaambia ningali nina msiba. Majirani wakaanza kunishauri. Binti yangu alipiga simu kutoka anakoishi: "Baba, wape walitengeneze, uliuze, uje ukae na wajukuu." Nikamuuliza swali la mama yake, nimuuzie mtoto wa nani. Akalia. Ni kweli wakilitengeneza linauzika. Lakini wakilitengeneza tu, maneno yao yanakuwa kweli milele: breki nzima, na mwanamke mjinga aliyeruka mapema. Kifaa kile kiko humo ndani, chini ya rangi yao nyekundu, na ndicho peke yake kinachojua kwamba hakuwa mjinga. Kwa hiyo nimekaa nacho. Siwezi kuliendesha, siwezi kuliuza, siwezi kulisogeza, siwezi kuondoka nikaliacha. Wenzangu wana kaburi la kulitembelea. Mimi nina la kulilinda.

Juzi meneja wa huduma akapanda mwenyewe. Alikuja na gari la kampuni, aina ile ile, na fundi mmoja aliyevaa ovaroli safi. Nikawakaribisha viti. Akanipa pole tena, akasema kampuni imeguswa, akasema hawataki nisumbuke hata kidogo.

"Fundi atalishusha yeye, mzee wangu. Jioni tunalirudisha hapa, jipya."

"Limeoshwa," nikasema.

"Naam?"

"Hakuna. Mwache alishushe."

Nikavuta turubai, nikamnyooshea fundi funguo. Hakuzipokea. Aliangalia gari, akaangalia barabara inavyoinamia kule kwenye mwamba, kisha akaangalia viatu vyake. "Bosi," akasema polepole, "tungekuja na gari la kuvuta."

Meneja akacheka kidogo, peke yake. Akalegeza tai. "Mzee, ni kifaa kidogo tu. Hakina maana kwako. Hata hakikuwa kibovu."

"Kama kilikuwa kizima," nikamuuliza, "mnakitakia nini?"

Nilisubiri. Sikuwa na haraka, siku hizi sina pa kuwahi. Alijipapasa mifuko akitafuta kitu ambacho hakikuwamo. Fundi wake alikuwa amegeuka anaangalia wodi.

"Hilo mlilokuja nalo," nikasema, "limeshaboreshwa?"

"Zamu yake bado," akajibu haraka, ndipo akasikia alichosema.

Waliaga. Niliwasindikiza mpaka langoni, maana mke wangu hakuwahi kumwacha mgeni aondoke peke yake. Fundi akasema yeye atatembea kwa miguu, anapenda kutembea, na akaanza kushuka bila kungoja. Meneja alikaa nyuma ya usukani, mlango wazi, funguo mkononi. Kule chini makutano yalikuwa yamejaa watu wanaorudi kutoka kazini. Akayatazama kwa muda. Kisha akanigeukia, na ile sauti ya pole sikuisikia tena.

"Mzee," akasema, "kweli hakuna njia nyingine ya kushukia?"